Mashine ya mayai 56 au kuku wa kulalia? Nimetumia vyote viwili mwaka mzima hapa Pongwe

Wifi yangu wa Korogwe amepokea pesa zake za upatu, laki tatu, na anataka kuzitia kwenye mashine ya kutotolesha vifaranga kama yangu. "Wifi, ninunue nisinunue?" Nimemwomba asubiri niandike, kwa sababu jibu la simu halitoshi, na najua wako wengi wenye swali hilo hilo.

Mashine yenyewe ni zile ndogo za plastiki zinazotoka China: trei ya mayai 56, kifuniko cha kuonea ndani, feni juu, kioo kidogo cha namba na kengele inayolia joto likipanda au likishuka. Niliinunua Machi mwaka jana katika duka moja Dar es Salaam kwa shilingi 280,000, nikaongeza 10,000 za kuisafirisha kwa basi hadi Tanga. Nimeiwasha mara tatu. Muda wote huo kuku wangu wa kienyeji wameendelea kulalia uani, hatua ishirini kutoka kwenye meza ya mashine. Mkubwa wao ni Kishingo, niliyemnunua gulioni Muheza kwa 18,000 akiwa tetea: shingo tupu, mwekundu, mzito. Kwa hiyo nimevipima vyote viwili kwa mayai ya banda moja, jogoo wale wale na mvua ile ile.

Mara ya kwanza niliweka mayai 48, mwanzoni mwa Aprili. Kishingo naye alikuwa na siku mbili hataki kutoka kiotani, kavimba manyoya, ukimsogelea anakoroma. Nikampangia mayai 12 jioni ile ile. Mashine niliifuata kijitabu chake kama kilivyo: nyuzi 37.5, maji kwenye mifereji yote miwili, usifungue ovyo. Usiku wa siku ya 14 umeme ukakatika saa mbili, ukarudi saa kumi na moja alfajiri. Mashine yangu haina sehemu ya kuunga betri. Niliifunika mablanketi mawili, nikaacha tundu la hewa tu, nikakaa nayo kama ninauguza. Yai halipoi haraka kama tunavyodhani, na kifaranga cha siku ya 14 kimeshaanza kuwa na joto lake kidogo, kwa hiyo baridi ya saa chache humchelewesha zaidi kuliko kumuua. Kinachoua upesi ni joto kuzidi. Hilo nililijua, lakini usingizi haukuja. Nilipotoka na tochi kumtazama Kishingo, alikuwa ametulia juu ya mayai yake, kwake hakuna kilichobadilika.

Siku ya 21 Kishingo aliangua vifaranga 11. Kwenye mashine mayai yalianza kutobolewa siku ya 22, na hadi 23 nilikuwa na vifaranga 19. Kumi na tisa katika mayai 48.

Yale 29 yaliyobaki sikuyatupa. Niliyapasua moja moja kwenye beseni nyuma ya banda, pua nimefunga kwa mtandio, kwa sababu yai viza ndilo pekee linaloweza kukwambia umekosea wapi. Saba hayakuwa na mbegu kabisa. Hilo ni la jogoo, mashine haina kosa. Matano yaliharibika mapema, ndani mna duara la damu tu. Kumi na saba yalikuwa na vifaranga kamili, manyoya yote yameota, na wote wamelowa chapachapa kama waliozama.

Na kweli walizama. Yai linapolaliwa linatakiwa lipungue uzito, kama asilimia 11 hadi 13 kufikia siku ya 18. Maji yanatoka kidogo kidogo kwenye vitundu vya ganda, na kule kwenye upande butu kifuko cha hewa kinapanuka, mpaka kifaranga anapata pa kuvutia pumzi yake ya kwanza kabla hajatoboa. Sasa fikiria Tanga wakati wa masika: chumvi imelowa kwenye kopo, nguo haikauki siku mbili. Juu ya hewa hiyo mimi nimejaza maji mifereji yote miwili, tangu siku ya kwanza. Kijitabu hakikuandikwa kwa ajili ya mtu wa pwani. Mtu wa Dodoma akikifuata huenda akafanikiwa, lakini sisi wa huku tunawazamisha watoto kwa mikono yetu. Iliniuma sana, sifichi.

La pili ni joto lenyewe. Nilichukua kipimajoto cha homa, nikakilaza juu ya mayai, nikafunika, nikasubiri. Kioo cha mashine kinasema 37.5, kipimajoto changu kinasema 36.7. Nikarudia mara tatu siku tatu, jibu lile lile. Nilipopiga simu dukani nikaambiwa mashine zote ziko hivyo, nitazoea. Sikuridhika na jibu hilo hadi leo. Mtu ametoa 280,000, angeambiwa mapema akague.

Na la tatu, dogo lakini lina madhara: trei imekatwa kwa yai kubwa la kuku wa kisasa. Yai la kienyeji la gramu 40 linacheza ndani ya nafasi yake, mashine ikigeuza mengine yanabaki pale pale. Dawa yake ni penseli. Andika X upande mmoja na O upande wa pili, uyageuze mwenyewe asubuhi, mchana na usiku, na ikifika siku ya 18 usiyaguse tena.

Mara ya pili ilikuwa Julai, kipupwe, hewa kavu kidogo. Nilipandisha joto mpaka kipimajoto changu kikasoma 37.5, nikaacha mifereji mitupu hadi siku ya 18, halafu ndipo nikajaza yote kwa siku tatu za mwisho ili ngozi ya ndani isimkaukie kifaranga anapotoka. Mayai kumi niliyapima kwa mizani ya jikoni: yalianza na wastani wa gramu 41, siku ya 18 yakasoma 36. Siku ya saba na ya 14 niliyamulika usiku kwa tochi ya simu niliyoipenyeza kwenye tundu la boksi la viatu. Yenye uhai unaona mishipa imetanda kama mizizi kutoka kwenye doa jeusi linalotikisika. Yasiyo na mbegu yanang'aa tu, hayo nilikwenda kuwakaangia mbwa.

Mayai 50 yakanipa vifaranga 36. Hapa naisemea mashine kwa haki: ukishaijua, inafanya kazi. Uniti zilizokwenda kwa siku 21 zilikuwa kama 22, wastani wa shilingi 8,000 hivi. Hakuna kuku mmoja wa kienyeji atakayekuangulia 36 kwa mpigo. Kama nia yako ni kuuza vifaranga wa siku moja, usisome zaidi, kanunue.

Lakini mimi siuzi vifaranga wa siku moja. Mimi nataka kuku wa miezi sita, wa kula na wa kuuza sokoni, na huko ndiko hesabu inakopinduka. Wale 36 walikuwa wakilia kutwa kucha kwa sababu hawana pa kujificha. Wiki ya kwanza wanataka nyuzi 32 hadi 35, kila wiki unapunguza kidogo. Nilizungushia ubao wa siling'i, nikaweka chungu cha mkaa katikati, usiku naamka saa saba na saa kumi kuongeza mkaa na kuhakikisha dirisha liko wazi, maana moshi wa mkaa usioonekana unaua vifaranga na mwenye vifaranga. Mkaa nusu gunia, chakula cha vifaranga mifuko miwili, pumba za mpunga za kutandika, vitamini za maji. Walikufa tisa. Wa mzunguko wa kwanza, katika wale 19, walikuwa wamekufa wanane. Kishingo katika 11 wake alipoteza wawili: mmoja alikanyagwa siku ya pili, mmoja alibebwa na kunguru.

Wazee walisema kuku wa maskini hatagi, akitaga haangui, akiangua halei, akilea huchukuliwa na mwewe. Nilikuwa nikiusikia msemo huu tangu utotoni, na mwaka jana ndipo nilipouona umekaa mezani kwangu: mashine huangua, hailei. Mama mkwe wangu alikuja kututembelea wakati huo wa chungu cha mkaa. Nikamwamkia, akaitika marahaba, akasimama pale akiwatazama vifaranga wanavyosukumana, kisha akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, na hawa nani atawachakurulia?" Sikuwa na la kumjibu. Wiki ya sita nilipowafungulia uani walijikusanya mlangoni, mchwa wanapita mbele yao hawajui kama ni chakula. Wa Kishingo siku ya nne tu walikuwa wanageuza majani chini ya mwembe.

Mtu asiyewahi kukaa karibu na kuku anayelalia hajui kazi anayoifanya. Mimi nimekaa naye. Anatoka mara moja kwa siku, dakika kumi na tano au ishirini, anatoa choo kimoja kikubwa chenye harufu kali, anakunywa maji mengi, anakula mbio mbio, anaoga majivu niliyomwekea chini ya ngazi, anarudi. Ukipenyeza mkono chini ya kifua chake unakuta ngozi tupu, manyoya yamepukutika, moto kama kikombe cha chai, na mayai yamegusana na ngozi hiyo moja kwa moja. Mayai ya pembeni anayavuta katikati kwa upande wa chini wa mdomo, ya katikati yanasogea pembeni, mchana na usiku. Usiku wa siku ya 20 nilikaa kwenye kigoda nje ya banda nikamsikia anatoa sauti ambayo hakuwa akiitoa, ya chini, kruu, kruu, na kutoka ndani ya magamba wakawa wanamjibu. Nilimwita binti yangu aje asikilize. Tulikaa pale mpaka mbu wakatushinda.

Na akishaangua hana haraka. Kifaranga anatoka na kiini cha yai kimeingia tumboni, kinamtosha siku mbili au tatu bila kula, ndiyo maana mama anaweza kusubiri wa mwisho. Kwa hiyo msimtoe kiotani asubuhi ile mnapoona wa kwanza.

Si kwamba kuku hana matatizo. Wenzake walikuwa wakiingia kutaga kwenye kiota chake, mayai yakawa ya tarehe tofauti; nikaweka alama za mkaa kwenye yake na kuondoa mengine kila jioni, kisha nikamtenga. Utitiri ukiingia kwenye kiota cha kuku anayelalia unamnyonya mpaka anatoroka, kwa hiyo majani makavu mapya na majivu kabla hajaanza. Mayai usimpe yaliyokaa zaidi ya wiki moja au siku kumi, na usiyaoshe. Halafu huwezi kumwamrisha: analalia anapotaka yeye. Wale chotara, Kuroiler na Sasso, wanataga vizuri lakini ni nadra sana kulalia, usiwanunue ukitegemea hilo. Na ugonjwa wa mdondo haujali kifaranga aliangulwa na nani. Wangu wote, wa mashine na wa kuku, walipata tone la chanjo ya I-2 jichoni, ile inayotengenezwa Kibaha ambayo huvumilia joto la njiani, na narudia kila baada ya miezi mitatu.

Mara ya tatu, Septemba, nikaacha kuvishindanisha. Nilikuwa na kuku watatu waliotaka kulalia wiki moja: Kishingo, Kidimu mwenye manyoya yaliyopinda, na mweusi mmoja wa mara ya kwanza. Kila mmoja nikampa mayai matano tu, mashine nikaitia 36, siku moja. Kuku waliangua 14, mashine ikaangua 29. Usiku wa kwanza, kwenye saa nne, taa nimezima, nikawabeba wa mashine kifuani ndani ya kanga na kuwapenyeza mmoja mmoja chini ya mbawa, huku nikitoa maganda matupu kidogo kidogo kila ninapowaingiza. Kuku gizani hahesabu. Asubuhi Kishingo na Kidimu walitoka na msafara, wanaita wote kwa sauti moja. Yule mweusi aliwadonoa wageni, nikamwachia wanne wake na kuwagawa waliobaki kwa hao wawili. Kishingo alibaki na ishirini. Jioni anatanda mbawa kama mwavuli, vichwa vinachungulia kila upande, mmoja amekaa mgongoni.

Mkaa sikununua hata kopo. Wiki mbili za mwanzo niliwafunika chini ya tenga mchana kwa ajili ya wale kunguru weusi wenye shingo ya kijivu, ambao hapa Tanga ni wengi kuliko mwewe. Walipotoka, Kishingo mwenyewe alimrukia mmoja hewani, akamwangusha manyoya. Baada ya wiki nane nilihesabu 37 katika 43.

Jikoni sasa, maana mimi nafuga kwa ajili ya chungu kwanza. Februari nilichinja mapora wawili siku moja, mmoja wa chungu cha mkaa na mmoja aliyelelewa na Kidimu, wa umri unaokaribiana, nikawapika sufuria mbili kwa namna ile ile. Chumvi, ndimu, tangawizi na kitunguu saumu vilivyotwangwa, vikakaa saa moja. Nazi mbili nikakuna kwenye mbuzi, tui zito nikaliweka kando, tui la pili nikalitumia kuchemshia nyama mpaka ikalainika. Aliyelelewa ndani alikuwa tayari baada ya dakika arobaini. Wa Kidimu alitaka saa moja na robo, lakini mchuzi wake ulikuwa na matone ya mafuta ya manjano juu, na mguu wake ulikuwa na nyama inayoshikika kwenye meno. Kisha nyanya, kitunguu, bizari, pilipili nzima isiyopasuliwa, na mwishoni tui zito, ukikoroga upande mmoja bila kuacha hadi lichemke, lisikatike. Tulikula na bada, ule ugali wa muhogo. Mume wangu, ambaye sikumwambia ipi ni ipi, aliongeza sufuria ya Kidimu mara mbili na ile nyingine hakuirudia.

Mayai ndiyo hayabagui. Ya kienyeji ni madogo, kwa hiyo mkate wa mayai ambao wengine huweka manane mimi naweka 12 kwa kikombe kimoja cha sukari na kimoja cha unga, hiliki, basi. Hamira hapana. Piga mayai na sukari mpaka yawe meupe na mazito, ukiinua mwiko yanashuka kama utepe, ndipo uchanganye unga kwa mkono mwepesi. Moto kidogo sana chini, makaa juu ya kifuniko. Rangi yake ya manjano huwezi kuipata kwa yai la dukani.

Kwa hiyo wifi yangu, nakujibu. Wewe una kuku sita na nyumba yako umeme unakatika kila wiki. Usinunue sasa. Chukua elfu hamsini, nenda gulioni ununue matetea wawili wa kienyeji wazito, uliza kama mama zao walikuwa wanalalia, ongeza jogoo mmoja asiyetoka ukoo huo, tengeneza banda lenye waya, chanja. Ukifikisha kuku watatu wanaolalia pamoja, hapo mashine itakusaidia, na uichukue yenye sehemu ya betri hata kama ni ghali zaidi.

Na siku utakayokwenda kuinunua, beba kipimajoto chako mkobani. Mwambie muuzaji aiwashe, mkae saa moja, uangalie namba zote mbili. Akikataa, nenda duka la pili.